Kuhitimu na Kufaulu: Vipimo Viwili vya Elimu kwa Wanafunzi Waislamu wa Butembo na Beni

1. Utangulizi

Msamiati wa shule katika Kiswahili una deni kubwa kwa chuo cha Kurani. Neno "chuo" lenyewe hapo kale lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa jina la mahali ambapo mtoto hufundishwa kusoma Kurani, na leo hutumika hata kwa chuo kikuu. "Kuhitimu" limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutia muhuri au kukamilisha. Katika matumizi ya awali, aliyehitimu ni yule aliyekamilisha kusoma msahafu mbele ya mwalimu wake. "Mtihani" nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya jaribio, na Waswahili hawajaacha kulitumia kwa msiba au dhiki inayompata mja ili subira yake ijulikane.

Maneno haya yalihama kutoka mfumo mmoja wa elimu hadi mwingine bila kubadilika umbo. Kwa sababu hiyo huficha tofauti iliyopo kati ya mifumo hiyo miwili. Makala haya yanakusudia kuichunguza tofauti hiyo kwa kuangalia historia ya elimu ya Waislamu katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayojengwa ni kwamba chuo hukiweka kiwango mahali pamoja na kuuacha muda wazi, ilhali shule huuweka muda mahali pamoja na kukiacha kiwango wazi. Kila kipimo huzaa motisha ya namna yake kwa mwanafunzi. Waislamu wa sehemu hizi waliishi kwa kipimo cha kwanza peke yake kwa muda mrefu, wakapata nafasi rasmi katika kipimo cha pili mnamo 1979, na tangu 2014 wamelazimika kuvitegemea vyote viwili katika mazingira ya vita.

2. Chuo na kipimo chake

Utaratibu wa chuo unafahamika kote katika nchi za Waswahili, na ndio ulioifuata lugha hii ilipoingia bara hadi Ujiji, Kasongo na Nyangwe. Mtoto huanza kwa kuzitambua herufi, kisha hufundishwa irabu, kisha kuunganisha. Baada ya hapo huingia katika juzuu ya Amma, ambayo ni ya mwisho katika juzuu 30 za Kurani, akianza na sura fupi. Hapo zamani somo liliandikwa juu ya ubao kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mtoto alilisoma hadi akaliweza, akamsomea mwalimu, na ndipo ubao ulipooshwa ili kuandikwa somo jipya.

Upimaji ulikuwa umo ndani ya tendo hilo la kuosha ubao. Hakukuwa na siku maalumu ya mtihani, kwa kuwa kila siku ilikuwa siku ya mtihani. Mwanafunzi aliyekosea alirudishwa nyuma, na aliyepatia alisogezwa mbele. Watoto ishirini waliokaa juu ya jamvi moja waliweza kuwa katika mahali ishirini tofauti pa kitabu, wala hapakuwa na ajabu katika jambo hilo. Mmoja alihitimu baada ya miaka miwili, mwingine baada ya mitano, na wote wawili wakaitwa kwa jina lile lile. Aliyefikia juzuu ya 15 hakuwa amehitimu nusu, alikuwa hajahitimu.

Baada ya kuhitimu, wachache waliendelea na elimu ya juu zaidi: tajwidi, nahau, fikihi na tafsiri. Katika fikihi, kitabu kidogo cha *Safinatu 'n-Naja* kimekuwa lango la wanafunzi wengi wa madhehebu ya Shafii katika Afrika ya Mashariki. Hapa pia kipimo kilikuwa kitabu na mwalimu. Mwanafunzi alipokimaliza kitabu kwa kukisoma na kukifahamu, mwalimu aliweza kumpa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Ijaza ilitolewa na mtu kumpa mtu, na thamani yake ilitegemea silsila ya walimu waliotangulia.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mtihani wa pamoja, wenye siku yake na jopo lake la watahini, ni mgeni hata katika vituo vikuu vya elimu ya Kiislamu. Katika al-Azhar ya Cairo, sheria iliyomtaka mwalimu mtarajiwa kufanya mtihani mbele ya jopo ilitolewa mwaka 1872 tu, baada ya chuo hicho kuwapo kwa karne tisa. Kwa hiyo mgongano utakaozungumziwa hapa si baina ya Uislamu na elimu ya kisasa. Ni mgongano baina ya njia mbili za kuujua ujuzi wa mtu.

3. Waislamu wa Semuliki na Ituri nje ya mlango wa shule

Uislamu uliingia katika maeneo haya pamoja na biashara ya pembe na watumwa. Msafara wa Henry Morton Stanley, ulioupita msitu wa Ituri kati ya 1887 na 1889, ulikuta humo vituo vya wafanyabiashara Waungwana, vikiwamo vya Ugarrowwa na Kilonga-Longa, ambao wafuasi wao Wamanyema walikuwa wakishambulia vijiji hadi upande wa bonde la Semuliki. Watu hao walileta Kiswahili, ambacho katika sehemu hizi kiliitwa Kingwana, na baadhi yao walileta msahafu. Walileta pia moto na minyororo. Kumbukumbu hiyo ilibaki miongoni mwa Wanande na makabila jirani, nayo haikumsaidia mwalimu wa Kurani aliyekuja baadaye akiwa na ubao tu mkononi.

Vita vya 1892 hadi 1894 baina ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waungwana viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao. Waislamu waliobaki wakawa raia wa kutiliwa shaka. Wakati huo huo elimu ikakabidhiwa kwa misheni. Mapatano ya mwaka 1906 baina ya Dola Huru na Kiti Kitakatifu yaliyapa mashirika ya Kikatoliki ardhi, nayo yakatakiwa kuendesha shule. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliimarisha utaratibu wa kuzipa ruzuku shule za misheni za Kikatoliki. Shule za Kiprotestanti zilianza kupata ruzuku mwaka 1948. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika zilifunguliwa kuanzia 1954, wakati Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni. Vyuo vya Kurani havikuingia katika hesabu yoyote kati ya hizo.

Katika nchi ya Wanande, mapadre Waasumpsionisti walifika mwaka 1929 na kujenga mtandao wa parokia na shule uliokuja kuwa jimbo la Butembo-Beni. Butembo, iliyoanza kukua katika miaka hiyo hiyo kutokana na shughuli za madini, ikawa mji wa wafanyabiashara na wa Kanisa kwa pamoja. Kwa mzazi Mwislamu wa wakati huo, kumpeleka mtoto shule kulikuwa ni kumpeleka misheni, ambako somo la dini, sala na mara nyingi ubatizo vilikwenda pamoja na hesabu na Kifaransa. Wako waliokubali. Wengi walimbakiza mtoto chuoni, akahitimu, akaingia sokoni, gerejini au barabarani akiwa dereva.

Matokeo yake yaweza kuelezwa kwa ufupi. Mtoto huyo aliweza kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini katika daftari za serikali alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Hakukosa elimu, bali alikosa kipimo ambacho ofisi ingekikubali.

4. Mkataba wa 1979 na Mtihani wa Serikali

Baada ya uhuru, mambo mawili yaliibadilisha hali hiyo. La kwanza ni Mtihani wa Serikali, unaofanywa tangu mwaka 1967 na wanafunzi wa mwisho wa sekondari nchini kote. Anayefaulu hupata diploma ya Serikali, na bila diploma hiyo hakuna kuingia chuo kikuu. La pili ni kutambuliwa kwa jumuiya ya Waislamu mwaka 1972, ambayo leo inajulikana kwa kifupi cha COMICO. Mnamo 1974 serikali ya Mobutu ilizitaifisha shule za dini zote. Jaribio hilo halikudumu. Mwaka 1977 ilitia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wa kuwarudishia uendeshaji wa shule, na mwaka 1979 Waislamu nao wakaingizwa katika utaratibu huo.

Shule ya mkataba ni shule ya umma inayoendeshwa na jumuiya ya dini. Mtaala, mishahara na mitihani ni vya serikali. Usimamizi wa kila siku na somo la dini ni vya jumuiya. Kwa mara ya kwanza mtoto Mwislamu wa Beni aliweza kuitafuta diploma ya Serikali bila kuvuka kizingiti cha dini nyingine. Milango ilifunguka pande zote mbili, kwani shule hizo, zikiwa za umma, hupokea pia watoto Wakristo, nao katika eneo hili ndio wengi.

Pamoja na diploma ukaingia utaratibu mzima wa kupima. Mwaka wa masomo huanza Septemba na kumalizika mapema Julai. Kila kipindi kina pointi zake, na pointi hugeuzwa kuwa asilimia. Siku ya kufunga shule majina husomwa hadharani pamoja na asilimia za kila mmoja, mbele ya wazazi. Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani na usoni, nao hutembezwa barabarani kwa nyimbo. Asilimia 50 ndiyo mstari: aliye juu yake amepita, na aliye chini ameanguka.

Hapa ndipo tofauti ya vipimo inapoonekana wazi. Shuleni, wanafunzi wote huketi siku ile ile mbele ya maswali yale yale, na muda ukiisha kalamu huwekwa chini. Aliyejua nusu amefaulu sawa na aliyejua robo tatu, isipokuwa kwa asilimia yake. Nusu ile asiyoijua haimfuati tena, wala hakuna anayemrudisha kuisoma. Chuoni haitakiwi haraka, lakini haikubaliwi nusu.

Lugha nayo imo katika jambo hili. Mtoto wa Butembo huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni. Katika madarasa ya mwanzo hufundishwa kwa Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa, kisha huingizwa katika Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya Mtihani wa Serikali. Chuoni anasoma Kiarabu na kuelezwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha anayofahamia mambo katika mifumo yote miwili, lakini si lugha inayompatia cheti katika mfumo wowote. Kwa wachunguzi wa Kiswahili, hili ni eneo linalostahili kushughulikiwa zaidi ya lilivyoshughulikiwa hadi sasa.

5. Nia, bakora na fedha

Wataalamu Waislamu waliandika juu ya motisha ya mwanafunzi zamani sana. Al-Zarnuji, aliyeishi katika karne za 12 na 13, alitenga sura nzima ya risala yake juu ya mwanafunzi kulieleza suala la nia. Kwake yeye, anayetafuta elimu kwa ajili ya cheo au mali amekosea njia tangu hatua ya kwanza. Ibn Khaldun, katika utangulizi mashuhuri wa historia yake ulioandikwa mwaka 1377, alionya kwamba ukali wa kupita kiasi humfundisha mtoto uongo na hila, kwa kuwa hutafuta namna ya kuiepuka adhabu badala ya kuitafuta elimu.

Maonyo yote mawili yana nafasi katika historia inayozungumzwa hapa. Chuo hakikuwa mahali pa nia safi peke yake. Bakora ilikuwapo, na watoto wengi walisoma kwa kuiogopa. Wengi pia waliweza kuusoma msahafu mzima bila kufahamu maana ya aya moja, na kipimo cha chuo, kilichokuwa makini sana katika matamshi, hakikuuliza sana juu ya fahamu. Hata hivyo chuo kilikuwa na namna yake ya kutia moyo. Kufikia hatua fulani kulitangazwa, wazazi walitoa sadaka na zawadi kwa mwalimu, na siku ya kuhitimu ilikuwa sherehe ya mtaa. Malipo yaliifuata hatua iliyofikiwa na mtoto.

Katika shule za Kongo, fedha zilichukua mkondo mwingine. Uchumi wa Zaire ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilishindwa kuwalipa walimu. Ili shule zisifungwe, wazazi walikubaliana na waendeshaji wa shule kuchanga posho ya walimu. Mchango huo uliokusudiwa kuwa wa muda mfupi ulidumu kwa zaidi ya robo karne, na katika Kifaransa cha shule ukapewa jina lenye maana ya motisha. Kwa hiyo kwa kizazi kizima cha wanafunzi, neno "motisha" halikuwa jina la hamu ya kusoma. Lilikuwa jina la fedha ambazo mtoto alifukuzwa darasani kwa kutozileta. Mtoto aliyerudishwa nyumbani majuma matatu hakusimamishiwa mtihani. Alipimwa siku ile ile na wenzake, na asilimia yake ikasomwa kana kwamba ni akili yake iliyopungua.

Mnamo Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Watoto waliongezeka madarasani na mzigo wa wazazi ukapungua. Sekondari, ambako diploma hutafutwa, ilibaki na ada zake.

6. Mtihani wa vita

Tangu Oktoba 2014, mji wa Beni na wilaya inayouzunguka vimepatwa na mauaji ya mfululizo ambayo sehemu kubwa yake imehusishwa na kundi la ADF lenye asili ya Uganda, ambalo baadaye lilijiunga na kundi la Dola ya Kiislamu. Vijiji vilihamwa, shule zilifungwa au zikageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Mwaka 2018 uliongeza Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti karibu na Beni na kuenea hadi Butembo. Ilipotangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Kufikia wakati huo shule za nchi nzima zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Uviko-19.

Kwa Waislamu wa Beni na Butembo kulikuwa na mzigo wa ziada. Kundi lililoua lilitumia maneno yao ya ibada, na hivyo neno "madrasa", lililokuwa jina la kawaida la mahali pa kujifunza herufi, likaanza kusikika kwa hofu masikioni mwa majirani. Ilhali Waislamu wenyewe walikuwa miongoni mwa waliouawa. Mwanzoni mwa Mei 2021, Sheikh Ali Amini, aliyejulikana kwa mahubiri yake dhidi ya makundi yenye silaha, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya msikiti mjini Beni. Siku chache baadaye Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Katika hali hiyo vipimo vyote viwili vilionyesha udhaifu wao. Kipimo cha shule kinahitaji amani, kwa sababu kinahitaji kalenda. Mwanafunzi aliyekimbia kutoka kijijini mwezi wa Machi ameupoteza mwaka mzima, hata kama alikuwa amekwisha kujifunza theluthi mbili za masomo yake. Hakuna mahali pa kuziandika theluthi hizo mbili. Kipimo cha chuo huvumilia zaidi. Mtoto aliyeachia juzuu ya saba Oicha aweza kuendelea na juzuu ya nane Butembo, kwa kuwa mwalimu mpya atamsikiliza dakika chache na kujua alipofikia. Lakini chuo nacho hakiandiki. Hukumu yake imo kichwani mwa mwalimu, na mwalimu akifa au akikimbia, ushahidi huondoka naye. Katika nchi ambamo madrasa inatiliwa shaka, elimu isiyo na maandishi haina namna ya kujitetea mbele ya askari au ofisa anayeuliza ni nini kinachofundishwa humo.

7. Hitimisho

Historia ya Butembo na Beni haithibitishi kwamba kipimo kimoja ni bora kuliko kingine. Inaonyesha kwamba kila kipimo humfundisha mwanafunzi jambo fulani kabla ya somo lenyewe. Chuo kilimfundisha kwamba elimu ni kitu kizima, kisichogawanyika kwa asilimia, na kwamba hakuna aibu katika kuchelewa. Shule ilimfundisha kwamba kuna siku ya hesabu, ambayo haimngoji mtu, na kwamba cheti kinachokubaliwa na wote ni silaha ya mnyonge. Waislamu walioshindania mkataba wa 1979 waliyaelewa haya ya pili vizuri, kwa kuwa walikwisha kuonja maisha bila cheti hicho.

Lililosalia ni kuvifanya vipimo hivi vikopeshane. Chuo chaweza kukopa kutoka shule desturi ya kuandika: daftari la kila mwanafunzi lenye juzuu alizosoma, vitabu alivyomaliza, tarehe na jina la mwalimu aliyemsikiliza. Daftari kama hilo lingemsaidia mtoto anayehama, na lingewaonyesha majirani kinachosomwa. Shule nayo yaweza kukopa kutoka chuo lile tendo la kuosha ubao, yaani kumpima mtoto mmoja mmoja mahali alipofikia na kumwendeleza kutoka hapo, hasa kwa wale ambao vita vimewakatiza kalenda. Walimu wa shule za mkataba za Kiislamu wamo katika nafasi nzuri ya kulianza jambo hilo, kwa sababu wengi wao walipitia mikono yote miwili: walihitimu kwanza, kisha wakafaulu.

Mtoto wa Beni ambaye leo yuko ugenini Butembo, msahafu wake umeishia juzuu ya saba na shule yake imeishia mwezi wa Machi, hahitaji kuambiwa lipi kati ya hayo ndilo elimu ya kweli. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, na mahali pa kuandika alipofikia.